Wanaume Wazima wa Paris

Kati ya mwaka 1967 na 1972, wanaume zaidi ya 5,700 jijini Paris walilazwa kitandani, wakaachwa watulie kwa dakika tano, kisha wakahesabiwa mapigo ya moyo. Walikuwa watumishi wa umma wenye umri wa miaka 42 hadi 53, watu wa kwenda kazini kila siku, wasiolalamikia kifua wala pumzi. Walipandishwa pia kwenye baiskeli ya kupimia, wakakanyaga huku mapigo yao yakiandikwa.

Katika miaka 23 iliyofuata, 81 kati yao walikufa ghafla. Ni vile vifo ambavyo watu msibani hubaki wakiambizana, "Jana tu nilikuwa naye!" Mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawa hawakuficha kitu. Hawakujua kama wanaumwa.

Makaratasi yao, hata hivyo, yalikuwa na la kusema. Daktari Xavier Jouven na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2005. Waliokuwa na mapigo zaidi ya 75 kwa dakika wakiwa wamepumzika walikabiliwa na hatari ya kifo cha ghafla karibu mara nne ya ile ya wenzao wenye mapigo ya taratibu. Wale ambao moyo ulishindwa kuongeza hata mapigo 89 juu ya baiskeli, hatari yao ilizidi mara sita. Na ambao mapigo hayakushuka hata kwa 25 katika dakika ya kwanza baada ya kuacha kukanyaga, ilizidi mara mbili.

Hapo pana mtego. Hospitalini, mapigo 60 hadi 100 huitwa ya kawaida. Mwenye 80 huambiwa yuko sawa, akaenda zake, wala hakudanganywa. Wengi wa aina yake huzeeka salama, na vifo 81 katika umati ule si vingi. Ila "kawaida" maana yake ni kwamba wengi wako hivyo. Haimaanishi kwamba wote wanaelekea mahali pamoja. Mwenye mapigo 80, moyo wake hupiga mara 28,800 zaidi kwa siku kuliko wa mwenye 60.

Moyo una breki yake, neva ya vagasi, inayoupunguza kasi mtu akitulia. Mazoezi huiimarisha. Sigara, kukaa kitako mwaka mzima, usingizi mbovu na msongo wa mawazo huupa ushindi upande wa pili, ule unaoukimbiza moyo. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi navyo hupandisha mapigo, kwa hiyo si kila moyo wa mbio ni wa mvivu.

Kinachonigusa zaidi ni matokeo ya mwaka 2009. Wanaume wapatao 5,100 wa kundi lilelile walikuwa wamepimwa kila mwaka kwa miaka mitano. Ambao mapigo yao yalipungua kwa zaidi ya manne, hatari yao ya kufa katika miaka zaidi ya 20 ilikuwa chini kwa takriban asilimia 14 kuliko ya wale ambao hawakubadilika. Ambao yalipanda kwa zaidi ya matatu, ilikuwa juu kwa asilimia 19. Mapigo matatu! Nani angeyashtukia?

Msomaji mwenye haraka atasema basi tumeze dawa ya kuyashusha. Wapo waliolijaribu hilo kwa wagonjwa 19,102 wenye mishipa ya moyo iliyoziba lakini wasio na tatizo la moyo kushindwa kazi. Dawa ya ivabradini ilishusha mapigo kwa kiasi cha kumi kwa dakika, na matokeo yalipotoka mwaka 2014, vifo vya moyo na mashambulizi ya moyo havikuwa vimepungua. Namba ilishuka, ugonjwa ukabaki palepale. (Anayetumia dawa za moyo kwa agizo la daktari asiziache kwa sababu ya habari hii, zina kazi nyingine.)

Kujipima hakuna gharama: asubuhi kabla ya chai na sigara, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima. Anayejipima aandike, arudie baada ya miezi kadhaa. Mwenye kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya kifua asisubiri kuhesabu, aende hospitali. Na mwanamume wa miaka 45 aliyezoea 66 akajikuta 78 bila homa wala mbio, amwulize daktari yamepanda kwa nini, kabla ya kumwomba dawa ya kuyashusha.