Ukikata Springi, Haiungwi

Nenda gereji yoyote ya Musoma siku ambayo kijana ameleta Peugeot 504 ya marehemu baba yake na kusema anataka ishushwe. Fundi atauliza akate mzunguko mmoja wa springi au mmoja na nusu. Wazee waliokaa kwenye benchi wataguna. Mmoja atasema, "Mwanangu, hiyo gari ya mzee wako usiichezee." Na kijana atajibu kwa heshima, lakini atajibu: "Shikamoo mzee. Sasa baba si kaniachia mimi?"

Watu huyachukulia mabishano haya kama stori za gereji tu. Mimi naona ndani yake kuna swali gumu: kitu ukishakirithi, ni chako mpaka wapi?

Kwa asiyefuatilia mambo ya magari, kushusha ni kupunguza nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na barabara. Njia ya bei nafuu ni kufungua springi na kuzikata kwa grainda. Njia ya gharama ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shokapu zinazoendana nazo. Gari linalala, linapendeza, na kwenye lami nzuri linakata kona likiwa limetulia kwa sababu uzito wake umesogea karibu na ardhi. Kichekesho ni kwamba kwetu kazi ya kila siku ya fundi ni kinyume chake. Magari madogo ya Japani yanafika yakiwa chini mno, yametengenezewa barabara za kwao, na wengi wakishayatoa bandarini wanaweka spesa ili yanyanyuke. Fundi yule yule asubuhi ananyanyua Toyota, mchana anashusha Peugeot.

Na kwa nini wazee hawagunii Toyota? Kwa sababu 504 ina historia na sisi. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na sifa yake kubwa ilikuwa springi zenye mwendo mrefu, zinazomeza shimo badala ya kulipitisha kwenye mgongo wa abiria. Ndugu yake mkubwa, 404, alishashinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Iliunganishwa Kenya na Nigeria, watu wakaizoea kwa jina la Pijo. Kwenye vijiji vingi Pijo ya mwalimu mkuu au ya mfanyabiashara ndiyo ilikuwa gari pekee. Ikabeba bibi harusi, ikabeba magunia, ikabeba mama mjamzito usiku, ikabeba na jeneza. Kwa hiyo mzee wa kwenye benchi anapoguna, hatetei chuma. Yawezekana naye aliwahi kubebwa nalo.

Sasa tumsikilize kijana, maana ana hoja. Mzee akimwambia mwacha asili ni mtumwa, yeye anauliza: asili ipi? Gari hili asili yake ni Sochaux, Ufaransa. Halafu baba mwenyewe hakuliacha kama lilivyotoka kiwandani. Aliweka keria juu, akaongeza vyuma mbele, akabadilisha viti. Kama kila kizazi kimeligeuza kulingana na shida zake, kwa nini kizazi hiki ndicho kizuiwe?

Tena kushusha gari si uhuni, kama wengine wanavyodhani. Vijana wenye asili ya Meksiko kule Los Angeles walichukua magari yaliyotumika, wakayashusha, wakayapaka rangi za kupendeza na kuyaendesha taratibu mtaani. Watu waliozoea kutoonekana walikuwa wanasema: tutazameni. Mwaka 1958 jimbo la California likaanza kutumia sheria iliyokataza gari ambalo sehemu yake imeshuka chini ya rimu. Kijana wa Musoma anayepita Mukendo jioni polepole, kioo kimeshushwa, anasema neno lile lile. Uzuri nao ni haja ya binadamu. Maskini hana wajibu wa kumiliki vitu vya kazi tu.

Hapo Butiama, kilomita chache kutoka barabara kuu, alizaliwa mtu aliyelifikiria sana suala la mali. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika makala kuhusu ardhi, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu akifyeka pori, kilicho chake ni ile kazi yake ya kufyeka. Ardhi yenyewe hakuitengeneza, hivyo hawezi kuiita yake kwa namna ile ile. Tuijaribu hoja hiyo kwenye gari. Kijana hakulitengeneza na hakulinunua. Baba alilinunua kwa jasho lake, sawa. Lakini masika, gari likizama kwenye udongo mweusi wa mbuga, nani alilisukuma? Majirani. Nani alilichimbia magurudumu usiku, nani alilala ndani yake kulilinda? Kama jasho ndilo linaloleta haki, basi kuna jasho la watu wengi kwenye Pijo ile.

Ni hoja tamu, ila haifiki mbali. Waliosukuma nao walibebwa. Tukipiga hesabu, huenda pande zote zimeshalipana. Na hata kama deni lipo, wa kulilipa alikuwa baba. Mtoto anarithi gari. Hajatia saini kurithi udereva wa kijiji kizima.

Kuna pia hoja ya kumbukumbu: liache lilivyo ili tumkumbuke mzee. Hiyo nayo naiona dhaifu. Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu, na vitu vilivyo mle havibadilishwi kwa sababu vimemaliza kazi. Gari linalotembea halijamaliza. Linachakaa na linabadilishwa vipuri kila mwaka. Ukitaka lisibadilike, liegeshe na ulifunike turubai, halafu uone kama utakuwa umemheshimu mzee au umelizika gari lake.

Hoja inayonisumbua mimi ni nyingine, nayo inahusu njia. Kutoka Musoma mpaka Bunda ni lami. Gari lililoshushwa litafika, mradi dereva ajue kuyapita matuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Ila ukiacha lami kuelekea vijiji vya Majita, au ukipanda kwenye mawe ya vilima vya Butiama, mambo yanabadilika. Sampu ya oili inagonga jiwe, eksozi inabaki njiani. Baada ya safari mbili mwenye gari hatarudi tena. Kumbe siku ile gereji hakubadilisha mwonekano peke yake. Alichagua ni njia zipi gari lipite, na kwa hiyo ni nyumba zipi lifike. Shangazi aliye kilomita nane ndani ya barabara ya vumbi ameshakatwa pamoja na ile springi, na hakuna aliyemwambia.

Mtu atasema: kubeba wagonjwa ni kazi ya serikali, siku hizi kuna ambulansi na bodaboda. Nakubali. Sidhani kijana analazimika kuwa ambulansi ya ukoo. Kwa familia nyingi gari moja la mtoto mmoja limegeuzwa mali ya kila mtu, mafuta yakiwa ya mwenyewe. Ana haki ya kusema basi.

Lakini aseme. Hapo ndipo nilipo mimi. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia shangazi, "Shangazi, sitaweza tena kuja kila ukiniita, nisamehe, tutafute namna nyingine," na kumwambia, "Ningekuja, ila gari iko chini, haipiti huko." Sentensi ya kwanza inauma, ila inamwachia shangazi nafasi ya kuuliza, kulalamika, kujipanga. Ya pili inamfanya aamini kwamba kikwazo ni barabara, wakati kikwazo ni uamuzi wa mtu. Tuna tabia ya kujiwekea vizuizi kwa mikono yetu, kisha tunavinyooshea kidole kana kwamba vimetoka mbinguni. Tunahamia nyumba ya chumba kimoja, halafu tunasikitika kwamba wageni hawana pa kulala. Kukataa si dhambi. Tatizo ni kukificha chuma kiseme kwa niaba yako.

Na ndiyo maana swali la fundi, akate au anunue fupi, si swali la pesa peke yake. Springi iliyokatwa haiungwi. Tena ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache, kwa hiyo kila tuta linapiga moja kwa moja kwenye bushi na kwenye mwili wa gari. Ikikatwa kwa moto wa gesi, chuma kinaweza kupoteza nguvu ya kurudi. Springi fupi zinafungwa leo na kufunguliwa kesho. Wale wa Los Angeles walilielewa hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kufunga pampu za haidroliki, gari likashuka kwenye maonyesho na kupanda likimwona polisi. Ulikuwa ujanja wa kuikwepa faini, lakini una funzo: walipata uzuri wao bila kuifunga njia ya kurudi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kurithi ni hili. Gari ni lako kiasi cha kuligeuza, hata kulifanya la maringo kama moyo wako unataka. Ila wewe ni mmoja kwenye foleni. Baba alikuwa mbele yako, na kuna mtu nyuma yako ambaye pengine hajazaliwa. Kile kinachoweza kurudishwa unakiamua peke yako. Kile kisichorudishika, jiulize kwanza nani mwingine unamwamulia, na umpelekee habari kwa mdomo wako.

Springi za mzee zipakwe grisi, zifungwe kwenye gunia, ziwekwe stoo. Hazina shida ya kusubiri. Ila shangazi asiachwe asubiri mlio wa gari lisilokuja.