Nani Kaiita Tasa?

Kenya hesabu tunasomeshwa kwa Kiingereza, kwa hivyo "namba tasa" mimi nilikutana nayo ukubwani, kwenye kitabu cha shule ya msingi cha Tanzania. Nikakwama hapo hapo. Huku kwetu Lamu, tasa si neno la darasani. Husemwa kwa kunong'ona, harusini, mwenyewe akishapita.

Namba tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11. Kubwa kuliko zote zinazojulikana aliipata Mmarekani Luke Durant, Oktoba 2024, katika mradi wa GIMPS ambao watu hujitolea kompyuta zao kusaka namba hizi. Andika 2 mara 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu 3,000 kila ukurasa, ni kurasa zaidi ya 13,000. Mzigo wa punda kabisa.

Sasa hebu tuulize: haizai? 12 ni 2 × 2 × 3. Mwaka wenyewe, 2024, ni 2 × 2 × 2 × 11 × 23. Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa, imetokana na tasa zilizozidishwa. Yaani hizi ndizo mama wa namba zote. Zilichokosa ni wazazi, si watoto. Jina limepindua nasaba.

Mtaani kwetu Langoni yuko mama anayeitwa hivyo. Hakujaaliwa mtoto. Lakini ni nani aliyetulisha mahamri mama zetu wakiwa hospitalini? Ni nani aliyetusomesha alifu na bee? Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake.

Rahisi ni kuishia hapo: kumbe ana faida! Lakini hoja hiyo inanitia wasiwasi. Hata namba tasa hutetewa vivyo hivyo. Tangu mbinu ya RSA ya 1977, tunaambiwa zina maana kwa sababu zinalinda siri zetu mtandaoni: kuzidisha tasa mbili kubwa ni rahisi, kuzitenganisha tena ni kazi. Sawa. Ila ile ya Durant ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Haimlindi mtu, haimlipii mtu karo. Je, basi ni bure?

Nami niliacha chuo njiani, kwa hivyo swali la "sasa wewe unazalisha nini?" nalijua ladha yake. Anayelijibu kwa kuorodhesha faida zake ameshakubali mizani ya muulizaji. Tuseme yule mama hangelea mtoto wa mtu hata mmoja, akakaa barazani kwake akisuka ukili tu. Neno lile lingekuwa halali? Mimi nasema hapana. Namba ile ilikuwa haigawanyiki kabla ya Durant kuiona, bila kumfaa yeyote. Mtu naye ni mzima kabla hatujamhesabia matunda.

Neno na likae kitabuni, namba haisikii. Mtu anasikia, hata ukinong'ona.