Taabu ya Hiari na Taabu ya Lazima

Mji wa Eldoret umekaa juu ya uwanda, kadiri ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara itokayo Nakuru hupanda hata Timboroa, ikashuka mpaka mjini, kisha ikashika njia ya Malaba na Uganda. Msomaji, ukisimama kando ya barabara hiyo waweza kuona baiskeli za namna mbili. Moja ni nyepesi, ina gia nyingi na mifuko ubavuni. Mwenyewe ni msafiri atokaye mbali kuitazama dunia. Ya pili ni ile nzito ya chuma, isiyo na gia, iitwayo Black Mamba. Nyuma imefungwa madebe ya maziwa, na mwenyewe anawahi wanunuzi. Kilima ni kimoja na jasho ni moja. Je, nani astahili sifa?

Wako wasemao kuwa ni msafiri, maana aliweza kukaa kwao asikae. Mjerumani Heinz Stücke aliondoka kwao mwaka 1962, akatembea duniani zaidi ya miaka 50, na baiskeli yake ilikuwa ya chuma, yenye gia tatu tu. Hakutumwa na mtu. Wengine husema kuwa ni mchukuzi, maana msafiri akichoka hupumzika, lakini mchukuzi akipumzika maziwa huchacha na watoto wake hukosa chakula.

Kwangu mimi, taabu peke yake haimpi mtu sifa. Punda naye hupanda kilima na mzigo mgongoni. Sifa hupatikana katika lile ambalo mtu hakulazimishwa. Mchukuzi alilazimika kupanda. Hakulazimika kuyaacha maziwa bila kuyatia maji, wala kusimama amsaidie mwenziwe aliyekatikiwa mnyororo. Msafiri naye alijichagulia safari, lakini mtihani wake uko kwa watu anaowapitia. Gurudumu lake likipinda, fundi wa chini ya mti ndiye atakayelinyoosha. Je, atamlipa na kumheshimu kama mtu, au atampiga picha tu aende zake?

Kijana, yamkini hutachaguliwa kilima chepesi, wala hutapewa baiskeli uitakayo. Usione haya kwa hilo. Lakini hata katika njia ya lazima, hiari haikosekani. Itafute hiyo, maana kwa hiyo utahesabiwa.