Hisani haifuti haki

Kuna swali ambalo limenisumbua kwa miaka mingi, na leo naona vyema nililete mbele ya wasomaji tulitafakari kwa pamoja. Mwajiri akiwa mwema kwa mfanyakazi wake, akamsaidia katika shida zake kama mzazi, je, mfanyakazi huyo akijiunga na chama cha wafanyakazi atakuwa amekosa shukurani?

Nalisema hili si kwa kusoma vitabuni. Niliwahi kuwa meneja wa nyumba ya wageni wilayani Ngara. Wenyeji wa huko wanajua biashara hii ilikuaje. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, kwa muda wa kama siku moja tu. Kambi ya Benaco ikazaliwa. Wakaja watumishi wa mashirika ya misaada, waandishi wa habari na madereva, wote wakitafuta kitanda na chakula. Mwenye nyumba ya vyumba sita akaweka mashuka akaiita gesti. Warundi nao walikuwapo, na kambi yao ya Lukole iliendelea mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Ilipofungwa, wageni wetu wengi waliondoka pamoja nayo.

Katika nyumba yetu wafanyakazi hawakufika kumi na watano. Wengi walikuwa watoto wa majirani au ndugu wa tajiri. Hapakuwa na mikataba ya maandishi. Aliyeuguliwa alipewa nauli, aliyefiwa alipewa ubani. Lakini zamu ya jioni haikuwa na mwisho maadamu mgeni hajalala. Na dereva wa lori akiondoka alfajiri bila kulipa, aliyekuwa mapokezi usiku huo alikatwa mshahara bila kuulizwa. Sisi tukiulizwa, jibu letu lilikuwa moja: hapa ni familia.

Siku moja waliniletea fomu. Walitaka kujiunga na chama cha wafanyakazi wa hoteli, na walitaka ada yao ikatwe kwenye mshahara na kupelekwa chamani. Nilipandwa na hasira. Nikawaita mmoja mmoja ofisini. Miongoni mwao alikuwemo binti msafisha vyumba, ambaye mama yake alipolazwa ni mimi niliyekwenda kulipa dawa. Nikamwambia, "Baada ya yote hayo, mwanangu?" Akainamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu: "Baba, uliponisaidia nilishukuru, na hadi leo nashukuru. Lakini siku tajiri akikuondoa, wema wako utaondoka na wewe. Sisi tutabaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Mwezi ule biashara ilikuwa imepungua kweli, na tajiri akaamua watu wapunguzwe. Barua nilisaini mimi. Jina la kwanza katika orodha lilikuwa la binti yule. Niliandika kwamba sababu ni biashara, na biashara ilikuwa mbaya, hilo si uongo. Lakini najua, na Mwenyezi Mungu anajua, kwamba jina lake lisingekuwa la kwanza kama si ile fomu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Hisani ni kitu anachotoa mwenye nacho, kwa kiasi apendacho na siku aitakayo, na akinyima hakuna wa kumdai. Haki ni kitu ambacho mwenyewe anakidai hata kama mtoaji amenuna. Kosa letu sisi tunaosimamia wenzetu ni kulipa haki kwa sarafu ya hisani. Tunamnyima mtu malipo ya saa za ziada, kisha tunampa nauli ya kwenda msibani, na tunataka atubusu mkono.

Wapo watakaosema kwamba mikataba na vyama ni mambo ya watu baki, na kwamba kati ya ndugu yanavunja mapenzi. Hawa nawakumbusha kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Mzee aliyempokea alimkaribisha nyumbani na akataka kumwoza binti yake. Udugu gani tena unazidi huo? Hata hivyo walikaa wakapatana muda wa kazi: miaka minane ni sharti, na ikitimia kumi, ile miwili ni ihsani ya Musa mwenyewe. Tazama jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa tangu siku ya kwanza, na mapenzi hayakuvunjika.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na inakataza kumwachisha kazi kwa sababu hiyo. Inataka anayepunguza watu atoe taarifa mapema na ashauriane nao au na chama chao. Hata kukata mshahara kwa ajili ya hasara kuna utaratibu: mfanyakazi aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Sisi hatukufanya hata moja.

Hata hivyo, uadilifu unataka tuseme na upande wa pili. Kuna wafanyakazi wanaodhani kadi ya chama ni kinga ya uvivu. Mwakilishi anayemtetea mwizi wa mali za wageni anakiua chama chake kwa mkono wake, maana mgeni anayelala kwetu ni amana ya sisi sote. Kugoma nako si kutupa ufagio pale mtu anapokasirika. Mgogoro wa maslahi hupelekwa kwanza kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ukishindikana kuna kura na kuna notisi ya saa 48. Meneja mwenye busara anajua kwamba kuzungumza na mwakilishi mmoja anayeaminika ni rahisi kuliko kukabiliana na minong'ono ya watu kumi jikoni. Na yule msichana anayebughudhiwa na mteja mwenye fedha, ambaye anaogopa kumwambia bosi asije akaambiwa anafukuza wateja, atakuwa na wa kumwendea.

Nayaandika haya kwa sababu biashara hii haijakoma. Malori ya Rwanda yanapita Rusumo, ya Burundi yanapita Kabanga. Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni njia panda isiyolala. Tangu mwaka 2019 kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ambayo sehemu yake imo katika wilaya hizo. Gesti zitaongezeka, na mabinti wa kufua mashuka wataendelea kutoka vijijini. Tutawapokea kwa maneno yale yale ya familia?

Miaka baadaye nilikutana na binti yule Nyakanazi, akiuza chakula kwa madereva. Nilimwomba radhi, naye alinisamehe bila masharti. Nilifurahi, lakini nilipokuwa njiani nilitambua jambo moja. Msamaha ule ulikuwa hisani yake kwangu. Notisi ambayo hakupewa, mafao ambayo hakulipwa na fedha alizokatwa kwa wageni waliotoroka, hayo yalikuwa haki yake, na msamaha wake haukuwa risiti. Mwezi uliofuata nilianza kumlipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu. Alipotaka kunishukuru, nilimwambia asinishukuru.