Kipimo cha Mwalimu

Wengi hudhani kwamba wema wa mwalimu hupimwa kwa alama za wanafunzi wake. Tangu mwaka 1985 hata 2023, mtihani wa darasa la nane ulikuwa ndio mizani ya shule za Kenya, huku kwetu Kakamega kama huko pwani. Na Januari 2003, karo ya shule za msingi za serikali ilipoondolewa, watoto walifurika madarasani. Swali likazidi uzito: mwalimu mmoja, watoto tele, wakati wake ampe nani? Hodari atakayeipatia shule sifa, au mzito akaaye nyuma kimya?

Hodari naye ana haki yake, wala hapunjwi. Lakini akikosa dakika zangu kumi, kitabu kitamfaa. Asiyejua kusoma, kitabu kitamfaa nini? Basi uadilifu si kugawa sawa, bali ni kumpa kila mmoja kwa kadiri ya haja yake.

Pengine mzito huyo hatafaulu mtihani. Lakini akiweza kuisoma hati ya shamba la babake kabla haijatiwa kidole, hawatadhulumiwa. Faida hiyo haiandikwi katika orodha yoyote. Enyi waalimu, je, tu tayari kuifanya kazi isiyohesabiwa?