Milimita Tano Kasoro

Dereva mmoja wa malori, mtoto wa Mombasa aliyehamia Ohio, alikuwa na gitaa kavu la bei ya chini lililotengenezwa China, na alilipiga vizuri kweli. Dole gumba lilishika besi, kidole cha shahada kikaimba juu yake, kwa mtindo ule wa Katanga ambao ulimwengu uliusikia baada ya Hugh Tracey kumrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Wakongomani wa mtaani kwao walimwita kwenye harusi, na hakuna aliyewahi kumuuliza gitaa lake linaitwaje.

Aliyeuliza ni yeye mwenyewe. Akaona mikono kama ile inastahili chombo chenye jina, na jina alilolichagua ni Gibson J-45. Hapo simlaumu. J-45 ilianza kutoka kiwandani Kalamazoo, Michigan, mwaka 1942, na sauti yake kavu, nzito, isiyong'ang'ania hewani, inafaa sana kwa mpigaji ambaye besi na uimbaji vinatoka kwenye mkono mmoja.

Alisoma. Usiku baada ya usiku alisoma habari za mbao, za rangi inayofifia pembeni, za vigingi vya kukazia nyuzi, za namba zilizogongwa nyuma ya kichwa. Alijua mpaka habari ya lile daraja la skrubu ambalo Gibson waliliweka kwenye magitaa yao miaka ya 60. Upana wa shingo hakuusoma, kwa sababu picha ya gitaa zima haiuonyeshi na wauzaji wengi hawautaji. Tangazo lilisema: J-45, mwaka 1964, hali safi. Muuzaji alikuwa jimbo jingine. Akalipa akiba yake, boksi likaja.

Usiku wa kwanza alishika kodi (chord) ya C, na uzi wa kwanza haukulia. Kidole cha shahada kilichokanyaga uzi wa pili kilikuwa kimeuegemea ule wa kwanza na kuuzima. Akakisimamisha kidole, uzi ukalia, lakini cha pete nacho kikazima uzi wa nne. Kwenye kodi ya D vidole vitatu vilisongamana. Alibadilisha nyuzi. Alishusha nyuzi karibu na freti. Kisha akafanya lile linalonisikitisha kuliko yote: akaanza kujilaumu. Akajiambia kwamba kumbe miaka yote alikuwa mpigaji wa hovyo, na gitaa la maana ndilo limemfichua. Mialiko ya harusi akawa anaikwepa.

Siku moja alikuja kumjulia hali mzee mmoja wa Lubumbashi, fundi seremala aliyepiga gitaa tangu ujana wake. Alilipokea lile gitaa, akalipiga kidogo, akalilaza mapajani.

"Mwanangu, hii shingo ni ya nani?"

"Yangu, Papa. Si nimeinunua."

"Umeinunua, ndiyo. Lete ile ya zamani."

Akatoa kipimo chake cha useremala, akapima kile kipande cha mfupa kilichokaa kati ya kichwa na ubao wa freti, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Gitaa la China: milimita 44.5, yaani inchi 1 na 3/4. Gibson: milimita 39.7, yaani inchi 1 na 9/16. Tofauti haifiki milimita tano, na mtu asiyepiga gitaa atacheka akiambiwa kwamba hiyo ndiyo iliyomkosesha mwenzake usingizi. Lakini nyuzi sita zina nafasi tano kati yake. Gawa, utaona kila nafasi imepoteza karibu milimita moja. Kwa mtu anayekung'uta nyuzi zote kwa pamoja kwa pleki si jambo kubwa. Kwa mtu wa mtindo wa vidole, ambaye kila uzi lazima ulie peke yake pembeni ya kidole kilichokanyaga uzi jirani, ni mlango uliofungwa.

Historia ya shingo hizo nyembamba inajulikana kwa mafundi. Mpaka mwaka 1964 shingo za kawaida za Gibson zilikuwa na upana wa takriban milimita 42.9. Katika mwaka 1965 kiwanda kikaanza kuzipunguza, na magitaa mengi ya nusu ya pili ya miaka ya 60 yakatoka na zile nyembamba za 39.7, kabla ya upana kurudi mwishoni mwa muongo. Kwa hiyo tangazo lile lilikosea. Sisemi muuzaji alidanganya: namba za Gibson za miaka hiyo zilirudiwarudiwa, namba moja ikawa na magitaa ya miaka tofauti, na mtu mwaminifu anaweza kusoma 1964 mahali penye 1967. Ipo dalili nyingine, pembe ya kichwa, iliyokuwa digrii 17 kisha ikashushwa hadi 14 kuanzia mwaka 1966 hivi. Lakini kwa nini uhangaike na digrii wakati rula inakupa jibu unalolihitaji? Hata lingekuwa la 1964 halisi, bado shingo yake ingekuwa nyembamba kuliko ile aliyoizoea.

Wala usidhani ni Gibson peke yao. Martin, ambao jina lao hutajwa kwa heshima zaidi, nao walibadilisha. Magitaa yao ya zamani, yale ambayo shingo inakutana na mwili kwenye freti ya 12, yana upana wa hadi milimita 47.6. Mwaka 1929 walianza kutoa OM, yenye shingo ndefu inayokutana na mwili kwenye freti ya 14, kwa upana wa 44.5, na kufikia mwaka 1939 upana wa kawaida ukashuka hadi 42.9. Anayesema anataka Martin ya zamani hajasema bado anataka shingo gani.

Halafu upana ni nusu tu ya habari. Zipo J-45 za wakati wa Vita Kuu ya Pili ambazo shingo yake ni nene kama mpini wa jembe, na baadhi hazikutiwa chuma cha kurekebishia ndani, maana chuma kilikuwa adimu. Wengi huzikimbia wakizishika mara ya kwanza. Mimi ningewaambia wasubiri wapige nusu saa. Shingo nyembamba sana kwa unene huudanganya mkono: inashikika upesi, lakini kiganja kinakosa cha kuegemea, dole gumba linabana, na baada ya nyimbo chache maumivu yanapanda hadi kifundo cha mkono. Lipo pia umbo la mgongo wa shingo, la mviringo au la mgongo uliochongoka, kama Martin nyingi za kabla ya vita. Huo mgongo wenye ncha wapo wanaouabudu na wapo wanaouona kama adhabu. Na kwenye chombo cha miaka 60 kuna mambo ambayo kipimo hakiyasemi kabisa: kingo zilizolainishwa na vidole vya wenye nacho wa zamani, vanishi iliyopakwa upya inayonata ukitoka jasho, freti mpya zilizokatwa fupi kiasi kwamba uzi wa kwanza unateleza nje.

Dereva alilipeleka lile gitaa kwa fundi. Akaomba mfupa mpya wenye mifereji iliyosogezwa pembeni, ili nyuzi zipate nafasi. Fundi akamchongea huku akimwonya, na ikawa kama alivyoonywa: uzi wa kwanza ulikaa ukingoni, ukivutwa kidogo unaanguka nje ya freti. Shingo nene fundi anaweza kuipunguza, ingawa thamani ya chombo cha kale inapungua nayo. Shingo nyembamba haiongezwi upana. Inatolewa nzima na kuwekwa nyingine, na hapo umebaki na mwili wa Gibson na hasara.

Akaliuza kwa hasara ndogo kuliko hiyo, kwa mama mmoja mpigaji wa kanisani, mwenye vidole vifupi na pleki yake. Huyo alifurahi mno. Gitaa lilikuwa zima tangu mwanzo.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dereva akaanza kuitafuta Martin ya freti 12, ile ya milimita 47.6, akidhani kadiri shingo inavyopanuka ndivyo salama inavyoongezeka. Ni mzee yule yule aliyemzuia, na hakumzuia kwa hesabu. Alimwambia apige wimbo wowote autakao, kisha akamwonyesha dole gumba lake la kushoto: lilikuwa linapita juu ya shingo na kukanyaga uzi wa sita, jambo ambalo mwenyewe hakuwa na habari kwamba analifanya.

"Kwa shingo pana hivyo hili dole litafika wapi?"

Wakalipima lile la China lote. Upana kwenye mfupa, unene kwenye freti ya kwanza na ya tisa, nafasi kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita kule kwenye daraja, ambako mkono wa kulia unafanya kazi. Vipimo hivyo ameviandika kwenye simu. Sasa kabla ya kuuliza mwaka au namba, anamwomba muuzaji picha ya rula iliyolazwa juu ya mfupa, na kama ni mji anaoweza kuufikia kwa lori, anaomba saa moja ya kukaa na gitaa. Wengine humjibu kwamba wao wanauza gitaa, si shingo. Hao huwaacha.