Kitambaa Chako Sijakikata

Mjukuu wangu,

Kitambaa ulichoniachia kipo juu ya meza ya kukatia, kimekunjwa vilevile ulivyokileta: mita tatu na nusu, zambarau, pamoja na uzi wa dhahabu wa kutarizia neno "Mtume" kifuani. Wiki ya pili sasa. Wateja wanakipapasa, wanauliza ni cha nani. Nawajibu ni cha mtu ambaye sijampima.

Uliponiaga ulisema, "Babu, vipimo vyangu si unavijua?" Vya mabega navijua, ni vya baba yako. Ila joho la namna hii halishonwi kwa vipimo vya mabega.

Usidhani nimekasirika. Mtu aliyechoka hana nguvu za kugombana. Magoti haya yamekanyaga cherehani zaidi ya miaka 40, na Jumapili yakiinama kanisani siku hizi lazima mtu anishike mkono ili niinuke. Basi nivumilie, ninasema polepole.

Umenieleza safari yako huko Dar es Salaam. Mkesha wa kwanza ukatabiriwa kuwa nabii. Wa pili, kwingine, ukaambiwa wewe ni mwinjilisti wa mataifa. Wa tatu, baba wa kiroho akasema kusudi lako limefungwa na linahitaji sadaka ya kulifungua, ukauza simu. Sasa unasimikwa mtume. Majina matatu kwa miaka miwili, na mama yako ananiambia usiku hulali. Mwanangu, jina lililotoka kweli kwa Mungu lingekupa japo usingizi.

Nami nilikuwa na hamu hiyo hiyo. Nikiwa na umri wako nilitaka ukasisi, nikaitwa kwenye usaili, nikarudi mikono mitupu. Nilinuna miaka sita. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, nikashona majoho ya wenzangu waliokubaliwa, na kila nikichomwa na sindano niliona ni dhuluma ya pili.

Jioni moja mjane akaleta koti la marehemu mumewe nilipunguze limfae mwanawe. Akakaa kwenye lile benchi la mlangoni kungoja. Nilipoanza kufumua mshono wa mgongo akaanza kusema. Alisema mpaka chemli ikaisha mafuta, na mimi sikumjibu neno lolote la maana. Nilifumua tu, taratibu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu niliona mkono wangu ukisimama naye ananyamaza. Wiki iliyofuata akarudi na jirani yake aliyefiwa na mtoto. Baada ya muda kasisi wetu akawa anawaambia wafiwa, "Pitieni kwa fundi." Hakuna aliyenisimika. Benchi lilijulikana, basi. Na siku nilipokitambua nilichokuwa nakifanya, nilikuwa nimekwisha kukifanya muda mrefu.

Mwalimu wangu wa ubatizo alitusimulia habari za Apolo Kivebulaya, na kwa kuwa mimi ni fundi nimezishika. Alizaliwa Buganda mnamo 1864, akabatizwa 1895. Hilo Kivebulaya hakufunuliwa na mtu. Ni jina la utani: alivaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake, watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Mwaka 1896 alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, ambako leo ni Kongo, akiwa mwalimu tu, hana cheo. Wakati wa kujenga kanisa, mwanamke wa jamaa ya Chifu Tabaro aliangukia mkuki uliofichika kwenye nyasi akafa. Apolo akashitakiwa, akapelekwa Toro, akafungwa. Alipoachiwa akarudi Mboga kulekule, na baadaye chifu mwenyewe akaamini. Ukasisi aliupata 1903, kazi ikiwa imekwisha kumzoea. Na kabla ya kufa, mwaka 1933, aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako Injili ilikuwa haijafika, asielekezwe Buganda kwao.

Nimelifikiria sana koti lile. Lilimpa jina ambalo hakuliomba, akaliacha lishike, akaendelea na safari. Wangemwita vyovyote, bado angerudi Mboga.

Sasa nikwambie jambo ambalo hao waliokutabiria hawakukwambia. Umechanganya vitu viwili: wewe ni nani, na wewe ufanye nini. La kwanza lilijibiwa siku ulipobatizwa, ukilia, mate yakidondokea kitambaa cheupe nilichokishona mwenyewe. Ulikuwa hujahubiri, hujaponya mtu. Hata Bwana wetu, sauti ya kumwita Mwana mpendwa ilisikika Yordani kabla hajafanya muujiza hata mmoja. Ndipo nyikani yule mjaribu akaanzia hapohapo: kama kweli ndiwe Mwana, basi thibitisha. Kila anayekudai uthibitishe kwa sadaka au kwa cheo kwamba Mungu anakujua, sikiliza vizuri anazungumza kwa lafudhi ya nani.

La pili, la kazi, halikatwi mara moja. Unamkumbuka Hana, mama yake Samweli? Watu wanakumbuka machozi yake. Mimi nakumbuka ushonaji wake. Kila mwaka alipanda kwenda Shilo na kanzu ndogo aliyomshonea mwanawe. Kila mwaka, maana mtoto alikuwa anakua. Hakumshonea joho la nabii akiwa na miaka mitano ajikwae nalo. Na usiku Samweli alipoitwa, alidhani ni mzee Eli, akamkimbilia mara tatu. Kulipokucha, mtoto aliyesemeshwa na Mungu alifanya nini? Alifungua milango ya nyumba ya Bwana, kama alivyofanya jana yake.

Mimi ni Eli wako, macho yangu nayo yamefifia, na siwezi kukwambia Mungu atakuambia nini. Ninachoweza ni kukurudisha ukalale, usikie mwenyewe. Halafu asubuhi utazame ni nani anakungoja mlangoni. Karama huonekana kwa waliokula, mjukuu wangu, si kwa aliyepika. Kama umeitwa kufundisha, kuna mtu ataelewa kitu. Kama umeitwa kufariji, kuna mtu atarudi. Wakirudi, kanisa litaona, na likikuwekea mikono litakuwa linakiri kitu ambacho kila mtu amekwisha kukijua.

Njoo Dodoma Jumamosi. Kuna majoho 14 ya kwaya ya watoto, wamerefuka wote, yanataka kufumuliwa mapindo, na mimi siku hizi uzi siupati kwenye tundu la sindano. Utakaa mlangoni kwenye lile benchi, maana kuna mwanga. Watu watapita, wengine watakaa. Usiwaambie umetabiriwa nini.

Kitambaa chako kitangoja. Nimekiweka mbali na jua, hakitachuja.

Babu yako.